Mtoto Ametembea Kiasi Gani Kabla ya Kunifikia?

Mhadhara wa wazi uliotolewa mbele ya walimu, wazazi na wanafunzi wa komini ya Annexe, Lubumbashi



 Nashukuru kwamba mmetaka mhadhara huu ufanyike huku Annexe badala ya kule mjini, kwa sababu nitakayoyasema nimejifunzia huku. Wageni waliotoka mbali wajue kwamba Lubumbashi ina komini saba, na yetu ndiyo kubwa kuliko zote kwa eneo. Sita nyingine ziko katikati, sisi tumezizunguka kama ukingo wa sahani. Huku ndiko mji unakokutana na mashamba. Chuo kikuu kiko kwetu, mihogo iko kwetu, na zile njia ndefu za vumbi jekundu ziko kwetu pia.

Nimefundisha elimu ya viungo miaka mingi, somo ambalo wanafunzi wetu huliita jimu, kisha nikaingia katika utafiti wa namna watu wanavyoitumia miili yao kila siku. Nimeombwa niwaeleze vijana kazi hiyo ikoje na kama inafaa kuichagua. Nitaeleza, ila nitapitia swali moja lililonichukua muda kulijua, nalo kwa maoni yangu ndilo linalomfanya mwalimu wa viungo awe mwalimu na si mtu mwenye filimbi tu: mtoto huyu ametembea kiasi gani kabla ya kunifikia?

Swali hilo nilifundishwa na mwanafunzi. Nilikuwa kijana, mwaka wangu wa pili kazini, katika shule ambayo sitaitaja. Tulikuwa na sheria kwamba anayechelewa saa ya kwanza anakimbia mizunguko mitatu ya uwanja. Asubuhi moja ya Juni, majira yale ya baridi ambapo pumzi ya mtu inaonekana anaposema, msichana wa kama miaka 12 alifika kengele imekwisha kulia. Alivaa kandambili, na ya mguu wa kushoto ukanda wake ulikuwa umefungwa kwa waya. Nikamwonyesha uwanja kwa kidole. Hakubisha. Alizivua kandambili, akazipanga vizuri chini ya mwembe, akaanza kukimbia. Mzunguko wa pili, alipofika kwenye kona ya goli, aliketi chini taratibu kama mtu anayejipumzisha, halafu akalala.

Tulimpa maji yenye sukari. Alipoweza kusema nikamuuliza kwa nini hakuniambia kwamba ni mgonjwa. Akanijibu, "Prof, siko mgonjwa. Nimetoka mbali." Alikuwa ametembea saa moja na robo. Kabla ya hapo alikuwa amekwenda kisimani mara mbili, kila mara na bidoni ya lita 20 kichwani. Alikuwa hajatia kitu mdomoni tangu bukari ya jana jioni. Mimi niliyesomea mwili wa binadamu, niliyeshinda mitihani ya misuli na mapafu, nilikuwa nimemwadhibu kwa kumkimbiza mtoto ambaye saa moja na nusu ya asubuhi alikuwa amekwisha kufanya kazi ya mwili inayozidi yangu ya siku nzima. Usiku ule nilichukua daftari jipya nikachora safu nne: umetoka wapi, umetembea dakika ngapi, umefanya kazi gani alfajiri, umekula nini. Utafiti wangu wote ulianzia katika daftari lile, na hoja nitakazozitoa leo zimetoka humo.

1. Miguu ya mtoto wetu imefanya kazi kabla ya kengele, lakini hiyo haimtoshi

Wanasayansi wamelitazama jambo hili kwa makini karibu na kwetu, huko Kenya. Bengt Saltin, mtaalamu wa fiziolojia kutoka Skandinavia, na wenzake walipima vijana wa Bonde la Ufa, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 1995. Waliona kwamba wavulana waliokuwa wakienda shule kwa kutembea au kukimbia walikuwa na uwezo wa kutumia oksijeni uliozidi ule wa wenzao wasiofanya hivyo kwa takriban asilimia 30. Miaka kumi na moja baadaye Profesa Vincent Onywera wa Chuo Kikuu cha Kenyatta na wenzake waliwauliza wanariadha wa Kenya kuhusu maisha yao ya utotoni. Wale waliofika mashindano ya kimataifa walikuwa wamekimbia kwenda shule kwa wingi kuliko Wakenya wengine waliolinganishwa nao.

Habari kama hizi zimewafurahisha wengi, nami pia zilinifurahisha. Ila kutokana nazo ikazaliwa imani moja yenye madhara: kwamba mtoto wa Afrika hahitaji somo la viungo kwa kuwa njia ya shule imekwisha kumpa zoezi. Imani hiyo nimeisikia katika ofisi za wakuu wa shule, na kila iliposemwa ilifuatwa na kalamu inayoifuta saa ya jimu ili nafasi yake ichukuliwe na hisabati.

Sasa sikilizeni kilichopatikana Nairobi. Kati ya nchi 12 zilizoshiriki uchunguzi mmoja mkubwa wa watoto wa miaka 9 hadi 11, Kenya ilikuwamo, na Onywera alikuwa miongoni mwa waliouongoza huko. Kila mtoto alifungwa kiunoni akselerometa, kidude kidogo kama kiberiti kinachoandika kila mtikisiko wa mwili, akatembea nacho siku saba. Shirika la Afya Duniani linataka mtoto apate wastani wa dakika 60 kwa siku za kuutumia mwili kwa nguvu ya kutosha. Katika watoto wale wa Nairobi, waliofikia kiwango hicho walikuwa karibu 13 tu katika kila 100. Na mtoto mmoja kati ya watano alikuwa na uzito uliozidi. Katika nchi tajiri unene huwapata zaidi maskini. Nairobi ilikuwa kinyume, watoto wa wenye uwezo ndio walikuwa wazito na wenye kukaa zaidi.

Hapa kwetu Annexe watoto wa aina hizo mbili wanakaa benchi moja. Katika daftari langu nilikuwa na wawili waliokuwa marafiki sana. Mmoja dakika 75 kwa miguu, mwingine gari la baba yake kutoka geti la parsele mpaka geti la shule. Nikiwaamuru wote wawili wakimbie mizunguko kumi, nimewakosea wote wawili. Wa kwanza mapafu yake ni mazima. Anachokosa ni kurusha, kudaka, kuruka, kujipinda, kusimama kwa mguu mmoja, kucheza bila mzigo kichwani na bila woga wa kuchelewa. Miguu yake inajua kwenda mbele tu. Wa pili anahitaji atoe jasho, na kabla ya jasho anahitaji kupenda kukimbia. Kuwatambua hawa wawili ndiyo kazi yenyewe, nayo haiwezekani bila kuuliza.

2. Saa ya jimu haikuwekwa kwa ajili ya kutafuta wachezaji

Najua niko Lubumbashi ninaposema haya. Mji huu una Tout Puissant Mazembe, mabingwa wa Afrika mwaka 1967, 1968, 2009, 2010 na 2015. Una Lupopo, na mimi siwezi kutoka salama humu nikitaja mmoja nikamsahau mwingine. Desemba 2010 Mazembe waliwafunga Internacional ya Brazili mabao 2 kwa 0, wakafika fainali ya klabu za dunia. Mtoto gani wa mji huu asitamani? Ila tukumbuke Mazembe ilitoka wapi. Ilianzishwa mwaka 1939 na wamonaki Wabenedikto wa shule ya Mtakatifu Bonifasi ili wanafunzi wao wapate la kufanya. Timu ilizaliwa na shule. Siku hizi katika viwanja vyetu vingi timu imeimeza shule: mwalimu anatoa mpira mmoja, wavulana 22 wanaingia, na waliobaki wanakaa kwenye nyasi kuwashikia mashati.

Nataka mwone jambo hili kwa macho. Mwaka 1991 Thom McKenzie na wenzake huko Marekani walitunga njia ya kulipima somo la viungo. Unamchagua mtoto mmoja, unamtazama sekunde 10, halafu sekunde 10 unaandika alikuwa amelala, ameketi, amesimama, anatembea au anakwenda kwa nguvu zaidi ya hapo. Unarudia hivyo mpaka kipindi kiishe, ukibadilisha mtoto kila baada ya muda. Hakihitajiki chombo chochote zaidi ya saa ya mkononi na karatasi. Watafiti wanataka angalau nusu ya kipindi watoto wawe katika mwendo wa kutosha. Mara ya kwanza niliijaribu kwenye somo langu mwenyewe, mwenzangu akiandika. Somo hilo nililiona zuri sana, nilipiga filimbi, nilipiga kelele, nililoa jasho. Karatasi ilionyesha kwamba aliyefanya mazoezi siku ile ni mwalimu. Ukurasa mzima ulikuwa "amesimama, amesimama, ameketi, amesimama."

Tangu Septemba 2019, shule za msingi za serikali zilipofanywa bure kama katiba ya 2006 inavyotaka, madarasa yamejaa. Nimesimama mbele ya watoto 70 na zaidi, mpira mmoja. Wakuu wa shule wananiuliza: utafanyaje? Nawajibu kwa jinsi nilivyofanya. Niligawa uwanja sehemu sita kwa majivu. Sehemu ya kwanza kamba mbili za kuruka. Ya pili mipira ya masashe, ile ambayo watoto huifunga wenyewe kwa nyuzi. Waliniletea 14 kwa wiki moja. Ya tatu mataili ya pikipiki yaliyolazwa chini ya kurukia ndani na nje. Ya nne kichuguu. Ninyi mnajua vichuguu vya Katanga, vingine virefu kuliko nyumba. Katika kona ya uwanja wetu kilikuwako kimoja kilichochimbwa nusu na wafyatua matofali, na kila mwaka wazazi walitaka kiondolewe. Mimi nikaomba kibaki. Kukipanda kwa mikono na miguu na kushuka mbio bila kuanguka kunafundisha usawa wa mwili kuliko kifaa chochote nilichokiona katika vitabu. Ya tano ilikuwa ya mbio za kupokezana kijiti. Ya sita niliwaachia wasichana waichague wenyewe, wakachagua nzango.

Kwenye nzango nitasimama kidogo. Makundi mawili yanakabiliana, wanaimba, wanapiga makofi, wawili wanatoka mbele, wanaruka na kutoa mguu kwa wakati mmoja. Mguu uliotolewa ndio unaoamua pointi ni ya nani. Kwa miaka mingi tuliuona kuwa ni mchezo wa watoto wa kike wakati wa mapumziko, kitu cha kusitishwa kengele inapolia ili "sipoti ya kweli" ianze. Mwaka 2015 mchezo huohuo ulionyeshwa katika Michezo ya Afrika kule Brazzaville. Mwenzangu alipoipima sehemu ile ya sita kwa karatasi ya McKenzie, hapakuwa na sehemu nyingine iliyokuwa na mwendo kama huo. Wimbo ulikuwa unawabeba. Hakuna aliyehitaji filimbi yangu.

Hili ni zito, kwa sababu wasichana ndio tunaowapoteza kwanza. Hesabu ya dunia nzima kwa mwaka 2016, iliyokusanya wanafunzi milioni 1.6 wa miaka 11 hadi 17 kutoka nchi 146, ilionyesha kwamba 81 kati ya kila 100 hawapati dakika zile 60. Wavulana 78, wasichana 85. Hapa kwetu sababu hazifichiki. Sketi ya bulu na blauzi nyeupe ambayo mama ameifua usiku na hataki ichafuke. Shule isiyo na maji, na msichana yuko katika siku zake. Maneno ya wavulana kando ya uwanja. Mwalimu asiyeshughulika na mambo hayo matatu asiandike katika ripoti kwamba wasichana "hawapendi michezo". Novemba 2024 wanawake wa Mazembe walitwaa ubingwa wa klabu za Afrika. Nilitembelea shule moja wiki ile, nikakuta wasichana wa darasa la tano wamekwisha kujigawia majina ya wachezaji, na mwalimu wao bado ana mpira mmoja tu, nao umeshikwa na wavulana.

3. Anayetaka kupima mwili wa watu ajue kwanza maneno yao

Sasa nawageukia vijana wa chuo kikuu, kampasi ya Kasapa, maana hoja hii inagusa utafiti.

Nilipoanza kuwahoji watu wazima nilitumia maswali yaliyotafsiriwa. Swali moja lilikuwa: je, unafanya mazoezi? Nilimuuliza mama mmoja aliyeketi kizingitini akichambua lengalenga. Alishtuka kidogo, akasema: "Mazoezi? Miye niko mutu ya kazi." Nikaandika sifuri. Mama yule alikuwa amelima tangu alfajiri, ametembea na beseni la mboga kichwani mpaka soko, amerudi, na mtoto mgongoni. Katika karatasi yangu alikuwa mtu asiyejishughulisha.

Tatizo halikuwa kwake. Mazoezi, kwa Kiswahili chetu, ni jambo la makusudi: la askari, la mchezaji, la mtu aliyeambiwa na daktari. Sipoti ni kuvaa viatu vya raba na kukimbia alfajiri. Mchezo unaweza hata kumaanisha jambo lisilo na uzito. Na kazi, hapa Katanga, ni neno lenye historia nzima ndani yake. Union Minière iliundwa mwaka 1906, ikatufundisha kwamba kazi ni ile yenye ving'ora na mshahara wa mwezi. Gécamines ilipoanguka, na wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaachishwa mwaka 2003 kwa ule mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, familia nyingi zilishika jembe na biashara ndogo. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu chetu ameandika kwa kina juu ya nyumba hizo ambamo baba alibaki bila kazi na mama na watoto wakaibeba nyumba. Kuna mzee aliyeniambia hafanyi kazi yoyote. Baadaye nikagundua kwamba kila siku anasukuma kinga yenye magunia ya makala kutoka porini mpaka mjini. Kwake ile ni kuhangaika. Kazi aliiacha Gécamines.

Kwa hiyo niliyatupa maswali yale nikaanza upya. Shirika la Afya Duniani lina dodoso linalotenganisha mambo matatu: mwili unaotumika kazini, unaotumika njiani, na unaotumika katika mapumziko. Msingi huo ni mzuri. Ila niliugeuza uwe masimulizi ya siku: "Jana, ulipoamka, ulianza na nini? Halafu?" Nguvu ya shughuli sikuiuliza kwa maneno ya vitabu. Niliuliza: ulipokuwa unafanya hivyo, ungeweza kuimba? Ungeweza kuzungumza? Anayeweza kuzungumza lakini hawezi kuimba, mwili wake uko katika kazi ya wastani. Asiyeweza kutoa zaidi ya maneno machache, huyo yuko juu. Mama yeyote wa Annexe analijibu swali hilo bila kusita, kwa sababu kweli huimba akilima na hunyamaza akipanda mlima na maji.

Na majira pia. Ukihoji Januari, mvua ikinyesha, watu wako mashambani. Ukihoji Agosti, wanafyatua matofali. Mtafiti aliyekuja wiki mbili tu za Agosti amewaona watu wengine kabisa.

Elimu hii yote ya kuutazama mwili kazini ilianza na jambo dogo. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris wa London alichapisha matokeo ya kuwalinganisha wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa. Dereva ameketi siku nzima. Kondakta anapanda na kushuka ngazi siku nzima. Makondakta walipata ugonjwa wa moyo mara chache kuliko madereva, na ulipowapata haukuwaua upesi hivyo. Nani angedhani kwamba ngazi za basi zingeufundisha ulimwengu? Na mwaka 2018, hesabu ya dunia ilipotolewa, Uganda ilionekana miongoni mwa nchi ambazo watu wake wanajishughulisha zaidi duniani: wasiofikia kiwango walikuwa asilimia 5.5 tu, wakati wastani wa dunia ulikuwa 27.5. Siwaambii haya ili tujivunie uchovu wetu. Mwili unaochoka kwa kukosa la kufanya isipokuwa kubeba, bila chakula cha kutosha wala usingizi, hauwi mzima kwa sababu tu dodoso limeupa alama nzuri. Hilo nililijifunza kwenye kona ya goli.

4. Vumbi

Hoja hii ni fupi lakini msiipite. Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzake walichapisha mwaka 2009 uchunguzi wa madini katika mkojo wa watu wa Katanga. Katika wale wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya kuyeyusha madini, zaidi ya nusu walikuwa na kobalti iliyopita kikomo kinachowekewa wafanyakazi wanaoigusa. Kwa watoto ilikuwa asilimia 87. Watoto hucheza chini, hutia vidole mdomoni, hupumua karibu na ardhi.

Mwalimu wa viungo ndiye anayewatoa watoto darasani na kuwaweka kwenye vumbi. Basi uwanja ulio karibu na kiwanda au barabara ya malori usitumiwe bila kuuliza. Wakati wa kiangazi uwanja unyunyiziwe maji kabla ya kipindi, mbio ndefu ziwe asubuhi umande ukiwapo, na pawe na ndoo ya kunawia kabla mtoto hajagusa mkate wake. Ndoo moja na kipande cha sabuni.

5. Kazi yenyewe, kwa anayefikiria kuichagua

Nisiwafiche. Wapo watakaokuita "prof ya jimu" kwa sauti ya chini. Utapewa saa za jimu kwa sababu ratiba ya mwingine imejaa, na utanyang'anywa saa hizo mtihani wa taifa unapokaribia. Mshahara mnaujua. Mimi mwenyewe nilikaa miezi katika shule moja nikifundisha bila hata saa ya ukutani, nikipima mbio kwa kuhesabu kwa sauti.

Hata hivyo sioni kazi nyingine ya ualimu inayomwona mtoto mzima namna hii. Mwalimu wa hesabu anaona daftari. Wewe unaona kwamba mtoto amekonda tangu Pasaka, kwamba anachechemea, kwamba anakwepa kuguswa bega la kulia. Mara mbili katika maisha yangu niligundua mtoto anayepigwa nyumbani, na mara zote mbili nilimjua kwa jinsi alivyodaka mpira.

Usiogope kama hukuanzia mahali panapofaa. Bruda Colm O'Connell kutoka Ireland alifika shule ya Mtakatifu Patrick, Iten, mwaka 1976 kufundisha jiografia. Hakuwa mtaalamu wa riadha. Alijifunza kwa kuwatazama wavulana wakikimbia, mwaka baada ya mwaka, na miongoni mwa waliopita mikononi mwake ni David Rudisha, aliyekimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91 kule London mwaka 2012. Anayetaka kusoma rasmi, milango ipo: Kenyatta kule Nairobi, Chuo cha Michezo cha Malya kule Tanzania, na hapa kwetu jiungeni na wenzenu wa tiba, ualimu na historia. Someni anatomia, someni takwimu bila kuzikimbia, na someni Kiswahili cha majirani zenu kwa bidii hiyohiyo.

Na mkishakuwa watafiti, heshimuni. Zamani niliwapima watoto uzito mbele ya darasa, nikitaja namba kwa sauti ili mwenzangu aandike. Mvulana mmoja alichekwa kwa namba yake, na wiki iliyofuata hakuja shule. Tangu siku hiyo napima nyuma ya pazia la kitenge, mtoto mmoja mmoja, namba inaandikwa kimya, baada ya mzazi kukubali na mtoto mwenyewe kukubali. Kisha narudi kwa wazazi kuwaambia nilichopata. Wazazi wa Annexe wamechoka na watu wanaokuja na karatasi na kuondoka nazo.

Ndugu zangu, ninaomba jambo moja, nalo lianze Septemba hii shule zikifunguliwa. Kila mwalimu aliyeko humu, wa msingi au wa sekondari, hata kama si wa jimu, awe na daftari la safu nne kwa darasa lake. Watoto wakubwa waandike wenyewe, wadogo waulizwe. Wiki ya kwanza ya kila mwezi tu. Wakuu wa shule, nawaomba mtuachie saa moja kwa wiki isiyoguswa na somo lingine, na muifute adhabu ya kukimbia kwa mtoto aliyechelewa mpaka aulizwe ametoka wapi. Vijana wa chuo kikuu, mtajifunza kutumia karatasi ya McKenzie Jumamosi ijayo, kwenye uwanja ule wenye kichuguu; nitakuwapo tangu saa mbili asubuhi.

Msichana yule wa kandambili sasa ni mama. Anaishi huku huku Annexe, na mwanawe wa kwanza anaanza shule ya msingi mwaka huu. Nilikutana naye juzi sokoni nikamuuliza mtoto atatembea dakika ngapi. Amekwisha kuipima njia yeye mwenyewe, kwa mwendo wa mtoto: dakika 40. Imepungua, kwa kuwa shule nyingine imejengwa karibu. Akaniuliza kama mwalimu wa huko atajua hilo.

Madaftari yako mezani, pale mlangoni. Nimeyachora safu nne kwa mkono wangu, yako 60. Chukueni mnapotoka, mwandike jina la shule juu ya jalada, na Desemba, kabla ya likizo ya Noeli, tutakutana tena ukumbini humu tuyafungue pamoja.